Barua ya wazi kwa mwenye dhamana ya njia za msitu wa Tana: tunaomba ulalo wetu wa kuvukia mkondo

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka ukingo wa magharibi wa Mto Tana. Mimi ni mwongozaji wa wageni katika msitu wa mto. Kazi hii niliianza nikiwa kijana wa miaka ishirini na moja, na sasa nina hamsini kasoro miwili. Nimeshakuandikia barua tatu. Ya kwanza niliileta kwa mkono wangu, ikagongwa muhuri mbele yangu. Ya pili niliambiwa imefika. Ya tatu sikuambiwa lolote. Hii ya nne naiweka mahali ambapo kila mtu ataisoma, kwa sababu Jumamosi iliyopita mtoto wa watu nusura anifie mikononi.

Walikuja wanafunzi kumi na mmoja wa kidato cha pili na mwalimu wao. Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijachoma. Tukapita mashamba ya migomba na miembe, tukaingia chini ya mikuyu. Saa nzima ilikuwa njema. Tuliwakuta mangabei, aina ya tumbili wa msitu huu, wakiwa chini, wanafukua majani makavu kutafuta kokwa za mkindu, na mmoja alinyanyua uso akatutazama, zile nywele zake ndefu za utosini zimegawanyika katikati kama aliyechanwa na mamake. Msichana mmoja mwembamba alikuwa na daftari. Alikuwa akiwahesabu kwa kunong'ona, na alifika kumi na saba.

Kisha tukafika kwenye mkondo. Mheshimiwa, mkondo huo unaujua, maana ulisimama pale. Zamani ulalo ulikuwa vigogo viwili vya mkoma vilivyolazwa pamoja, na mtu alivuka hata akiwa na mtungi kichwani. Mafuriko ya 2024 yalichukua kigogo kimoja. Kilichobaki tulikifunga kwa waya wa ua wa mbuzi, tukanyoosha kamba ya katani ya kushikia mkono. Kwa juu kilikuwa kigumu, lakini kwa chini kilikuwa kimeoza, na ukikanyaga katikati kilitoa maji. Tulivuka mmoja mmoja. Mimi nilitangulia, wawili wakafuata, yeye wa daftari akawa wa nne kwa hesabu. Nilisikia sauti kama ya mtu anayevunja muwa gotini.

Alianguka kwa ubavu. Tope lilimfika kifuani na mkono wake wa kushoto ulinasa kwenye tawi lililozama. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Juma lile lile wavuvi walikuwa wamemwona mamba akiota jua hatua chache kutoka hapo. Niliruka, mwalimu akanitupia leso lake, tukamfunga kwapani tukamvuta. Mkono ulikuwa umevunjika juu ya kifundo. Tukatoka naye msituni kwa miguu, tukampakia bodaboda katikati ya dereva na mwalimu wake, hadi hospitalini Hola. Njia nzima alikuwa akiuliza kama daftari limepatikana. Halikupatikana.

Jioni babake alinipigia simu. Hakunitukana. Aliniambia, "Mzee, mimi nilikuachia mwanangu." Sikuwa na jibu. Gharama ya hospitali nimeilipa mimi, shilingi 7,400, fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya karo ya mwanangu wa mwisho. Sikudai mtu anirudishie. Ninachotaka kujua ni kwa nini gogo lile lilikuwa bado liko pale.

Kwa maana, Mheshimiwa, uliahidi. Ilikuwa baada ya maji kupungua, mwaka huo huo wa 2024. Ulikuja na magari matatu, ukavaa buti za mpira, ukatembea nasi hadi mkondoni. Wazee wa Gasa, baraza la wazee wa Kipokomo, walikuwepo, na walikuja kwa heshima yako, wengine wakiwa na bakora. Ulisema hivi, na wengi tulisikia: "Kabla ya mvua za vuli mtavuka hapa na viatu vikavu." Ulisema pia njia zote nne zitafyekwa, zitawekwa vibao na alama za rangi mitini. Akina mama walikupigia vigelegele. Kwetu, neno lililosemwa mbele ya wazee halihitaji kuandikwa. Vuli ile ilikuja ikapita. Masika yakaja. Hadi leo hakuna ubao hata mmoja uliopigiliwa msumari, isipokuwa kile kibao kikubwa kando ya barabara kuu kinachotaja mradi wa njia za msitu.

Sitaki kusema jambo nisilolijua. Kwa nini kazi haikufanyika, hakuna aliyetueleza, kwa hiyo tunakisia. Wapo wanaosema fedha imekwama kati ya kaunti na serikali kuu, kila upande ukisema msitu ni wa mwenzake. Wapo wanaosema ni ule uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2007, uliosema hifadhi iliyotangazwa hapa 1976 haikuanzishwa kwa kufuata sheria, na kwamba tangu hapo hakuna afisa anayetaka kuweka sahihi yake kwenye kitu chochote kinachohusu ardhi ile. Kijana mmoja hapa kijijini ana hakika kwamba fedha ilikwishaliwa. Mimi nilimkanya asiseme hivyo bila ushahidi. Lakini ninyi mnaponyamaza mnampa yeye nafasi ya kusema, na kila mwezi unaopita nazidi kukosa la kumjibu.

Kuna jambo naomba ulielewe kutoka kwa mtu anayeukanyaga msitu huu kila siku. Huu si msitu mpana. Ni utepe tu uliolala kando ya mto, mahali pengi haufiki hata kilomita moja kutoka majini, na nje yake ni nyika kavu ya miiba. Unaishi kwa maji yanayopenya chini ya udongo kutoka mtoni. Ndani ya utepe huo wanaishi mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana, na wanyama hawa wawili hawapatikani mahali pengine popote duniani. Mgeni akitoka Nairobi au akitoka Ulaya, hawezi kuwaona kwa kukaa ndani ya gari. Hakuna gari linalopita mle. Lazima atembee kwa miguu, juu ya njia, na njia ikifa mgeni haji tena. Naye asipokuja, mwenye shamba lililopakana na msitu anauangalia ule mkuyu na kujiuliza unamfaa nini.

Hilo la mwisho nalisema kwa uchungu, kwa kuwa nimeanza kuliona. Tulikuwa waongozaji tisa, tumebaki watatu. Mmoja wa wale sita sasa anakata miti ya kuchonga mitumbwi. Nilimkuta mwezi uliopita na shoka. Hakujificha. Aliniuliza, "Wewe unanilisha?" Yule alikuwa akijua kila kundi la mbega linalala mti gani.

Njia zenyewe nikueleze zilivyo sasa. Njia ya ukingoni imemezwa na mto wenyewe, na kwa hiyo silaumu mtu. Tana ni mto unaohama, na maziwa madogo yaliyopinda tunayovua kambare ni vitanda vyake vya zamani. Njia ya mashariki imezibwa na mathenge, huwezi kupenya bila panga, na miiba yake inatoboa soli ya kiatu. Ya tatu bado inapitika, lakini alama zimefutika, na wageni wanaoingia bila mwongozaji hupotelea mashambani, wakakanyaga mahindi ya watu. Mwaka huu nimesuluhisha ugomvi wa namna hiyo mara mbili. Ya nne ndiyo hii ya mkondo, ndiyo nzuri kuliko zote, na ndiyo wanayopita watoto wetu wa ng'ambo kwenda shule. Ndiyo, Mheshimiwa. Ulalo ule si wa watalii tu. Kila asubuhi watoto wa shule ya msingi walikuwa wakivuka juu ya gogo lile, viatu mkononi. Sasa hakuna hata gogo. Wanazunguka kwa mbali, na wakubwa wao wanaogelea. Nimewakataza. Nikigeuza kisogo wanaogelea.

Mafuriko najua huwezi kuyazuia. Bwawa la Masinga, lililoko juu ya mto, lilipofurika 2024 tuliona maji yakija kwa siku na siku, na nyumba zikayeyuka. Mto huu sisi hatuuogopi kama mgeni. Mababu zetu walilima kwa mafuriko madogo ya kila mwaka, na msitu nao ulizaliwa kwa maji hayo. Tunachoomba hakihitaji kupigana na mto. Tunaomba mahali pa kuweka mguu.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na orodha ndefu. Nilitaka kukukumbusha vibao, sare za waongozaji, kibanda cha kupumzikia wageni, mafunzo ya huduma ya kwanza ambayo ulisema yataanza mwezi unaofuata. Nimeyafuta. Njia tatu tutazifyeka wenyewe kwa mapanga yetu, hata bila posho, kama tulivyofanya miaka ya nyuma kabla hakujawa na mradi wowote. Rangi ya alama tutachanga. Nimebaki na ombi moja, na ni lile lile nililoandika kwenye barua ya kwanza, ya pili na ya tatu: ulalo.

Mkondo pale una upana wa hatua kumi na nne, nimeupima juzi. Fundi wa mbao wa kijijini kwetu ameniambia panahitajika nguzo sita za kuchimbiwa, mbao pana za kulaza juu, vyuma vya kushikia, waya mnene wa pande mbili, na siku nne za kazi. Vijana wa kubeba wapo. Akina mama wamesema watapika. Nguzo hatuwezi kuzikata msituni, kwa sababu ninyi mmetukataza na sisi tumekubali, kwa hiyo lazima zitoke kwenu.

Mvua za vuli hazijafika. Msichana wa daftari ataondolewa bandeji ngumu baada ya wiki tano, na ameniletea ujumbe kupitia kwa mwalimu wake kwamba anataka kurudi kumalizia hesabu yake. Nimemjibu kwamba sitampitisha tena pale hadi kuwe na mbao chini ya miguu yake. Naomba uniambie, kwa barua au kwa simu au kwa kuja mwenyewe, nimwambie aje lini.

Wako kwa heshima,
Mwongozaji wa wageni, msitu wa Tana