Someni namba kabla ya kutupa spea

Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wenye magari ya zamani. Kila tukiingia dukani tunaambiwa, "Spea za gari hili hazitengenezwi tena, liuze chuma chakavu." Si kweli kwa vipuri vyote, na inaniuma kuona gari lenye injini nzima likioza kwa kukosa beringi.

Beringi ya altaneta yangu, ile mashine ya kuchaji betri, ilipoanza kulia, niliisugua kwa kitambaa chenye petroli mpaka namba ikajitokeza ubavuni: 6203. Hiyo si namba ya gari, ni ya kipimo. Tundu ni milimita 17, kipenyo cha nje 40, unene 12, hata ikitoka kiwanda gani. Nilihakikisha tu kwamba mpya nayo imezibwa kwa mpira pande zote mbili, nikaipata kwa muuza vipuri vya mashine, ambaye hakuniuliza hata nina gari gani. Sili za oili, yaani pete za mpira za kuzuia oili isivuje, nazo zina vipimo vyake vitatu: tundu, kipenyo cha nje na unene.

Breki ni habari nyingine kabisa. Hapo neno "inaingia" silikubali, maana mpira wa sili nyingi za oili huvimba ukikutana na mafuta ya breki, hata kipimo kikiwa sawasawa.

Wauzaji, tafadhali andikeni vipimo kwenye boksi, si jina la gari peke yake. Nanyi mafundi, kipuri mlichofungua mrudishieni mwenyewe kabla hakijatupwa. Namba iliyo juu yake ndiyo atakayotafutia kingine.

Msomaji wako,
Mwenye gari la zamani