Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Huruma ya Mungu Parokiani

Padre Mlezi, wajumbe wa Kamati Tendaji na wanachama wenzangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Shughuli za kawaida mnazifahamu, hivyo sitazirefusha. Rozari ya Huruma ilisaliwa kila Ijumaa saa 9:00 alasiri, Novena ilianza Ijumaa Kuu, sikukuu ya Mtakatifu Faustina, yule mtawa wa Poland aliyefunuliwa ibada hii ya Huruma, iliadhimishwa kwa Misa tarehe 5 Oktoba, na wagonjwa walitembelewa katika vigango vyote isipokuwa kimoja ambacho barabara yake ilikatika kwa mvua.

Linalohitaji maelezo ni fedha za hija ya Kiabakari, kituo cha hija cha Huruma ya Mungu mkoani Mara, maana limesemwa sana kwenye jumuiya, na waliolisema zaidi ni wale ambao mikutanoni hatuwaoni. Kama mnavyokumbuka, wakati wa Kwaresima kijana mmoja alikamatwa akituhumiwa kuiba spika ya kigango, akapigwa na wananchi hadi akazirai. Wakati wengine wakijadili kama amestahili, mimi nilikwenda hospitalini. Nilimkuta amelala kwenye benchi la korido, shati limegandamana na vidonda mgongoni, na mama yake anahesabu noti za mauzo ya dagaa ambazo hazikutosha hata kununua dawa za siku ile. Kamati ikaidhinisha shilingi 200,000 alipolazwa na 180,000 aliporuhusiwa, zote zikitoka katika shilingi 860,000 mlizochangia kwa ajili ya hija. Ndiyo maana Jumapili ya Huruma, ile inayofuata Pasaka, tulisafiri kwa kosta badala ya basi kubwa, na baadhi yenu mkabaki.

Imedaiwa kwamba nimevunja katiba. Ibara ya 9 inairuhusu Kamati kutumia hadi shilingi 200,000 kwa tendo la huruma bila kuitisha mkutano mkuu, na hayo yalikuwa matendo mawili, yaliyoamuliwa katika vikao viwili, na mihtasari yake ipo kwa Katibu. Imedaiwa pia kwamba yule si mwanachama, hasali, na hajarudi kushukuru. Yote ni kweli, na spika haijapatikana. Lakini katika Mathayo 25 Bwana hakuuliza mgonjwa ameugua kwa sababu gani wala mfungwa amefungwa kwa kosa gani, na kati ya matendo saba ya huruma ya kimwili ambayo sote tuliyakariri katika mafundisho hakuna hata moja lililowekewa sharti la tabia njema. Bwana alimfundisha Sista Faustina kwamba huruma kwa jirani hutendwa kwa tendo, kwa neno na kwa sala. Nionavyo mimi, chama hiki kimeizoea mno njia ya tatu, pengine kwa sababu haina gharama. Picha ya Yesu mwenye miale miwili imetundikwa katika sebule zetu nyingi, na chini yake tunamsema jirani aliyekopa debe la mahindi na kushindwa kurudisha. Kiabakari tutakwenda tena, lakini kidonda hakingesubiri Pasaka.

Kuhusu ada, daftari lina wanachama 112, na kila mmoja anapaswa kulipa shilingi 12,000 kwa mwaka. Waliomaliza ni 41, waliolipa nusu ni 27, na 44 hawajatoa hata senti. Tumekusanya 654,000 mahali pa 1,344,000. Mahudhurio ya Ijumaa hayafiki watu 20, ilhali Jumapili ya Huruma kila mtu ana sare na kila mtu anataka kubeba picha katika maandamano. Nimefungua kanisa kwa mkono wangu Ijumaa nyingi, na nyingine nimeanza Rozari na akina mama wawili tu. Wanaohoji matumizi ya hazina wana haki ya kuhoji, ila ningefurahi kuona majina yao katika orodha ya waliolipa.

Kwa mwaka ujao, Mungu akitujalia, tunatarajia kuwa na utaratibu wa kutembelea gereza, na kuanzisha mfuko wa matendo ya huruma ulio mbali na fedha za hija. Aidha, mwaka 2031 itatimia miaka 100 tangu Bwana amtokee Sista Faustina kule Płock, Poland, nami natumaini chama kitawakilishwa huko kwa namna itakayowezekana.

Mhazini atakaa mlangoni baada ya mkutano huu na daftari lake la stakabadhi. Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti