Kabla kiti hakijapigwa vanishi

Bombo, Uganda

Rafiki yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Nimesikia kile kiti cha mvule cha marehemu nyanya yako kinapelekwa kwa fundi, kikapigwe msasa na vanishi. Nakusihi, kabla hakijatoka nyumbani, kaa nacho ukichore kwa rangi zako za maji.

Kuna michoro ninayoitazama simuni jioni, nayo imenishika moyo. Uchumi ulipoanguka Marekani na wasanii wakakosa kazi, serikali iliwaajiri wachore vitu vya zamani vya watu wa kawaida: viti, makabati, masanduku. Kazi ilianza 1935 ikakoma 1942, na michoro ipatayo 18,000 imehifadhiwa National Gallery of Art, Washington. Kiti hukikuta peke yake kwenye karatasi tupu. Hakuna chumba wala mtu, na bado unamhisi aliyekikalia.

Navipenda zaidi viti vya Washaker, watu wa dini walioishi kwa ujamaa wakayaepuka mapambo. Ni vyepesi hata vilitundikwa kwenye vigingi vya ukutani wakati wa kufagia. Mchoraji hakuviremba. Alifuata kila ufa, na kila mahali mikono ilipochujua rangi.

Kwa mbao, mimi naona rangi za maji zinaishinda rangi ya mafuta. Weupe wa karatasi hupenya kutoka chini, na mng'ao wa mti uliosuguliwa na miaka ukajitokeza. Mvule ukipasuliwa huwa na manjano, kisha huiva polepole ukawa kahawia. Nawe upake kwa mpangilio huohuo. Tandaza manjano hafifu, yaache yakauke kabisa, ndipo uongeze kahawia, tabaka nyembamba juu ya nyingine. Panapong'aa usipaguse. Mistari ya mbao imalizie kwa brashi iliyokaribia kukauka.

Na usikinyooshe! Mguu uliopinda ubaki umepinda. Ule mkono wa kulia wa kiti, nyanya alipoegemeza kiwiko akichambua mchele, umelika ukawa laini kabisa. Hapo ndipo ukae sana, maana msasa utapasawazisha kwa dakika chache, na hakuna fundi atakayeweza kuparudisha.

Kama karatasi nzito haipatikani huko Arua, nitakutumia kwa basi. Niandikie upesi fundi anakuja siku gani.

Wako,
Sauda