Bango la mdhamini ni tanga

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mvua zimekwisha, upepo wa kusi umeshika, na magari ya matangazo yameanza kuzunguka Mtwara, kutoka Chuno hadi Chikongola, yakiita watu kwenye burudani za wazi: bongo fleva, singeli, taarabu na ngoma, vyote jukwaa moja. Viwanja vya Mashujaa vitazungushiwa maturubai tena. Sisi ni mafundi wa sauti, umeme na majukwaa, na tuna neno kwa waandaaji, wadhamini na ofisi zinazotoa vibali. Fedha ya tamasha huanza kugawiwa kwa msanii mkubwa, ikaja kwa bango, na chenji inayobaki ndiyo inayotakiwa ishike upepo, iwashe umeme na iwatoe watu salama. Mgao huo uanze upande wa pili.

Tuanze na bango, maana ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Mvuvi wa Shangani au Mikindani hahitaji kufundishwa kuwa kitambaa kilichofungwa juu ya mlingoti ni tanga, hata kiwe kimechapwa picha ya nani. Chukua bango la mita 8 kwa 5 nyuma ya jukwaa. Hizo ni mita za mraba 40. Upepo wa kilomita 36 kwa saa hulisukuma kwa nguvu ya kama kilo 6 kwa kila mita ya mraba, jumla kilo 250 hivi. Sasa upepo huo uongezeke mara mbili, ufike kilomita 72. Wengi wanadhani nguvu nayo itakuwa mara mbili, kilo 500. Sivyo: inakuwa mara nne, yaani tani nzima, na inasukuma juu kabisa, pale ambapo mlingoti una uwezo mdogo wa kujitetea.

Dawa inayopendwa ni mapipa ya maji. Pipa la lita 200 likijaa lina uzito wa kilo 200 na ushee, kwa hiyo mtu anaweka manne, anajihesabia kilo 800 na kwenda kulala. Kuna makosa matatu hapo. Kwanza, kitu kilichokaa juu ya nyasi au mchanga hakizuii msukumo wa pembeni kwa uzito wake wote. Huteleza mapema, mara nyingi hata nusu ya uzito haijafika. Pili, kamba hufungwa kiunoni mwa nguzo kwa sababu ndipo mkono unapofika, wakati msukumo uko juu. Kamba au mkanda wa kukazia ushike kichwa cha nguzo na kushuka kwa mshazari, pembe ya nyuzi 45 hivi, si wima kama kamba ya mbuzi. Tatu, pipa huvuja usiku. Asubuhi ligongwe kwa ngumi: sauti ikiwa ya utupu, lina maji nusu. Halafu zikaguliwe pini za kuungia vipande vya nguzo. Pini iliyopotea ikawekewa msumari wa inchi nne si pini, na klipu yake ya kuizuia isichomoke si pambo.

Jukwaa lielekee wapi? Kwa miezi ya Juni hadi Septemba, mgongo wake uelekezwe kusini. Mdomo ukielekea kusi, upepo unaingia mbele na hauna pa kutokea, paa linavimba na kutaka kunyanyuka, na sauti ya spika inapambana na upepo hadi watu wa nyuma wanasikia besi peke yake. Ukielekeza mgongo kusini, sauti inasafiri na upepo kwenda kwa watazamaji. Tatizo linalobaki ni lile bango, ambalo sasa linapigwa moja kwa moja. Kwa hiyo kitambaa cha nyuma kiwe cha matundu, cha wavu, chenye kupitisha hewa. Kutoboa bango zito vishimo vichache kwa kisu, kama ilivyo desturi, hakupunguzi kitu cha maana. Mdhamini akishikilia kuwa lazima jina lake lionekane kwa ukubwa ule ule, liwekwe chini, kwenye uzio, kimo cha mita moja. Huko litapigwa picha na kila mtu, na likianguka litaangukia nyasi.

Kipima upepo kifungwe juu ya paa la jukwaa. Kukishika mkononi chini ya mwembe ni kujidanganya. Kila jukwaa lina kikomo chake na mwenye jukwaa aulizwe kwa maandishi. Kama hana jibu, hilo nalo ni jibu. Kwa majukwaa ya kukodi ya kawaida sisi tungeshauri hivi: upepo ukifika kilomita 36 kwa saa, mtu mmoja abaki kazini kuutazama tu, ukifika 54, vitambaa vyote vishuke, spika zilizoning'inia ziteremshwe na muziki usimame, ukikaribia 72, pasiwe na binadamu juu ya jukwaa wala mbele yake. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hutaja upepo wa pwani, na kuusoma asubuhi ya tamasha hakuna gharama.

Na huyo wa kusimamisha awe nani? Tarehe 13 Agosti 2011, kwenye maonesho ya jimbo la Indiana nchini Marekani, upepo wa dhoruba uliangusha jukwaa kabla ya msanii mkuu kupanda. Watu saba walikufa. Uchunguzi ulikuta kuwa muundo wa jukwaa haukukidhi viwango, na haikuwa wazi nani hasa alikuwa na mamlaka ya kuahirisha. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2012, tamasha la Lollapalooza linalofanyika Grant Park, bustani iliyo katikati ya Chicago, lilisimamishwa mchana kwa sababu ya dhoruba iliyokuwa njiani. Makumi ya maelfu ya watu waliondolewa, wengine wakaelekezwa kwenye maegesho ya chini ya ardhi yaliyokuwa yamepangwa kwa kazi hiyo. Jioni wakarudi na muziki ukaendelea. Hapo kuna fundisho la bure: aliyepewa mamlaka alijulikana kabla upepo haujafika. Kwetu jina la mtu huyo liandikwe kwenye ombi la kibali, na asiwe yule anayehesabu viingilio.

Umeme. Spika za wastani za uwanja kama ule, taa, na kioo kikubwa cha kuonyeshea picha cha mita 4 kwa 3, kwa pamoja hufika kilowati 30 muziki ukiwa umepamba moto. Jenereta la KVA 60 (KVA ndicho kipimo cha ukubwa wa jenereta) linatoa kilowati 48, linatosha na nafasi inabaki. La KVA 30 halitoshi, hata mwenye nalo aape. La KVA 200 nalo ni hasara: likibeba mzigo ulio chini ya theluthi ya uwezo wake kwa saa nyingi, dizeli haiungui vizuri, mashine inatema moshi na mafuta machafu. Kwa mzigo huo, KVA 60 hunywa karibu lita 10 kwa saa. Tamasha la muda wa saa nane na majaribio yake liwe na lita 120, na tenki lijazwe mashine ikiwa baridi. Kumimina dizeli kwa dumu juu ya injini ya moto, gizani, katikati ya wimbo, ni kutafuta maafa. Jenereta likae pembeni ya uwanja, mashariki au magharibi. Ukiliweka nyuma ya jukwaa lililopewa mgongo kusini, moshi wote unaishia puani mwa waliolipa.

Kuna hitilafu moja inayoua vyombo vingi kuliko mvua, nayo ni kulegea kwa nyutro, waya unaorudisha umeme. Umeme wa fezi tatu, yaani nyaya tatu zinazoleta umeme, ukipoteza nyutro, fezi yenye mzigo mkubwa inafifia na yenye mzigo mdogo inapanda, pengine hadi karibu volti 400 badala ya 230. Dalili zake huonekana mapema: taa za upande mmoja zinang'aa kupita kiasi huku feni ya upande mwingine ikisinzia. Ukiona hivyo, zima kila kitu. Usiongeze, usijaribu. Skurubu ya nyutro ikazwe kabla ya kuwasha na ikaguliwe tena saa moja baadaye, kwa sababu shaba ikipata joto huachia kidogo. Hewa yetu ya chumvi nayo inakula viungo. Plagi iliyoota ukijani ndani haifai kupakwa mate na kuchomekwa.

Kebo nyembamba ni ugonjwa mwingine. Kebo ya milimita za mraba 2.5 yenye urefu wa mita 50, ikibeba ampea 20, inapoteza volti 14 njiani. Amplifaya inapata 216, inakosa pumzi kwenye besi, na lawama anapewa fundi wa miksa. Ya milimita za mraba 6 inapoteza volti 6 tu. Na kebo ya gurudumu ikunjuliwe yote, hata kama unahitaji mita kumi. Iliyobaki imejikunja hujipika yenyewe.

Vyombo vyote vya jukwaani, gitaa, kinanda, maiki na spika za wasanii, vitoke kwenye chanzo kimoja cha umeme na ethi moja, ule waya unaopeleka umeme unaovuja ardhini. Kinanda kikichomekwa kwenye soketi ya ofisi ya jirani na maiki kwenye jenereta, mwimbaji anayegusa vyote viwili anaweza kuwa njia ya umeme. Nondo ya ethi ya mita 1.5 kwenye mchanga mkavu wa Agosti haifanyi kazi kama ya Machi. Imwagiwe maji ndoo kadhaa, ipimwe kwa mita, na breka ya kukata umeme unaovuja, ile ya miliampea 30, iwepo na ibonyezwe kitufe chake cha majaribio mbele ya mkaguzi.

Kuhusu sauti tutasema machache. Kila umbali ukiongezeka mara mbili, sauti ya spika hushuka kwa kama desibeli 6. Ikiwa 105 mita 5 kutoka kwenye spika, mita 40 ni 87. Jibu la mwandaaji huwa "ongeza", na walio mbele wanarudi nyumbani masikio yanalia. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka kikomo cha wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15, na kinafikika: weka spika mbili za ziada mita 40 kutoka jukwaani, uzicheleweshe milisekunde 115, ndio muda sauti inaotumia kufika hapo katika joto letu. Usipozichelewesha, kila neno linasikika mara mbili. Kwa taarabu watu watavumilia. Kwa singeli ya mapigo 200 kwa dakika, pigo hadi pigo ni milisekunde 300, na kosa la 115 ni zaidi ya theluthi ya pigo. Hapo hakuna muziki tena, ni mahindi yanakaangwa. Mkumbuke pia kuwa usiku ardhi ikipoa sauti husafiri mbali kuliko mchana, kwa hiyo wagonjwa na wazee wa mitaa ya upande wa kaskazini wanapata zaidi saa tano usiku kuliko saa kumi jioni, hata kama fundi hajagusa kitu.

Sasa milango. Mkaguzi akitumia sekunde 10 kwa mtu mmoja, anapitisha watu 360 kwa saa. Watu 3,600 kwa saa mbili wanahitaji foleni tano, na za wanawake ziwe na wakaguzi wanawake wa kutosha, si mmoja anayeazimwa huku na huko. Kutoka ni hesabu nyingine: kila mita ya upana wa mlango hupitisha watu kama 80 kwa dakika. Watu 5,000 kwenye lango moja la mita mbili ni zaidi ya nusu saa. Kwenye malango matatu ya upana huo ni dakika 10 au 11. Turubai la kuzuia wachunguliaji mara nyingi huziba hayo mengine mawili, na kufuli hutiwa juu yake. Lango la dharura lisimamiwe na mtu, asimame hapo hapo na ufunguo mkononi, muziki wote. Ufunguo ulio mfukoni mwa bosi aliyeko kwenye viti vya wageni waalikwa ni sawa na kutokuwepo.

Mbele ya jukwaa, watu wawili kwa mita ya mraba wanacheza, wanne wanabanana, wakizidi watano hawana tena uamuzi wa waendako. Vizuizi vyepesi vya bomba vinavyotumika barabarani hulala chini umati ukiegemea, na walio mbele huangukia juu yake. Kinachofaa ni kile chenye bamba pana upande wa watazamaji, ambalo wao wenyewe hulikanyaga, kwa hiyo uzito wao ndio unaokishikilia. Mafundi wa kuchomelea wa hapa hapa mjini wanaweza kukitengeneza.

Limebaki la ngoma, ambalo kwa matamasha ya Mtwara si dogo. Wapigaji wa sindimba hupangiwa dakika kumi za mwanzo, juu ya mbao, maiki moja kwa wote. Ngoma ndogo ya Kimakonde yenye mguu uliochongoka hukitwa ardhini. Juu ya mbao haisimami, mpigaji anaibana kwa magoti na sauti inakufa. Watengewe duara la mchanga mbele ya jukwaa, maiki tatu au nne za miguu mifupi. Na jioni, umande wa bahari ukiingia, ngozi hulegea na lazima ikazwe kwa moto. Liwepo jiko la bati, ndoo mbili za mchanga, mita 15 au zaidi kutoka kwenye dizeli, upande usiopeleka cheche kwenye maturubai, na askari wa zimamoto aambiwe mapema kwamba ule moto umo kwenye kibali.

Wenu,
Mafundi wa sauti, umeme na majukwaa,
Mtwara