Mjomba, Sunak hakumsaliti mtu

Mjomba,

Nimesikia, kama walivyosikia wote katika ukoo, kwamba kadi za harusi ya binti yako zimekwisha kugawiwa na yangu haimo. Sikuandikii ili kuomba kadi. Ninakuandikia kwa sababu mkaza mjomba amewaeleza watu kwamba huwezi kumkaribisha nyumbani kwako kijana aliyemshangilia msaliti, na kwa kuwa neno hilo umelitamka mbele ya watu, kwanza kwa Rishi Sunak, waziri wa fedha wa Uingereza aliyejiuzulu na kumwacha Waziri Mkuu Boris Johnson mwaka 2022, na kisha kwangu, nami ninalijibu mbele ya watu, kwa heshima zote unazostahili.

Wewe ndiye uliyenifunza siasa za chama cha Wahafidhina cha Uingereza. Nilikuja kwako kutoka Mombasa nikiwa sijui tofauti ya mbunge na diwani, nikakaa katika nyumba uliyoinunua kwa manispaa chini ya sheria ya Waziri Mkuu Margaret Thatcher ya mwaka 1980, na katika sebule ile ulinisimulia mara nyingi jinsi mama yule unayempenda hadi leo alivyong'olewa na watu wake mwenyewe. Ulinieleza habari za Geoffrey Howe, aliyemtumikia kama waziri wa fedha na baadaye waziri wa mambo ya nje, ambaye alijiuzulu na tarehe 13 Novemba 1990 akasimama bungeni, kwa sauti yake ya upole, akasema wakati umefika kwa wengine kutafakari jinsi watakavyoukabili mgongano wa utiifu ambao yeye mwenyewe, pengine kwa muda mrefu mno, alikuwa amehangaika nao. Siku tisa baadaye Thatcher alitangaza kuondoka. Uliumia, ulisema, lakini hukumwita Howe haini. Ulisema chama chetu hakina mfalme, na kwamba ndiyo maana kimeishi muda mrefu. Ulinisimulia pia habari za Leo Amery, Mhafidhina mwenzake Chamberlain, aliyemwambia waziri mkuu huyo Mei 1940, "Kwa jina la Mungu, ondoka." Mbunge wetu David Davis alipoyarudia maneno hayo kumwambia Boris Johnson Januari 2022, mimi niliyatambua mara moja kwa sababu nilikuwa nimeyasikia kwako, nawe ukakasirika kana kwamba umeibiwa.

Basi Sunak alifanya nini ambacho Howe hakukifanya? Jioni ya tarehe 5 Julai 2022 alijiuzulu uwaziri wa fedha, dakika chache baada ya Sajid Javid kujiuzulu uwaziri wa afya, siku ambayo aliyekuwa katibu mkuu wa wizara ya mambo ya nje alieleza hadharani kwamba Johnson alikwisha kuarifiwa juu ya mwenendo wa Chris Pincher, naibu mnadhimu wa chama aliyetuhumiwa kuwapapasa watu bila ridhaa yao, jambo ambalo ofisi yake ilikuwa imelikana kabla ya kumbukumbu kuanza kubadilika. Mwezi mmoja nyuma wabunge 148 wa chama chake walikuwa wamempigia kura ya kutokuwa na imani dhidi ya 211 waliombakisha. Baada ya Javid na Sunak walifuata mawaziri wadogo na wasaidizi zaidi ya 50, na tarehe 7 Johnson akakubali kuondoka. Wote hao unawasamehe. Hasira yako yote umemwekea mmoja, na unajua kwa nini. Tangu alipopewa wizara ya fedha ulikuwa ukiwaambia jirani zako kwamba baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika, kwamba huyo ni mtoto wa kwetu. Siku alipojiuzulu ulisema kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto wa kwetu, kwa hesabu yako, alipaswa kushukuru na kunyamaza.

Lakini hayo ni ya siasa, na ya siasa ningeyameza. Lisilomezeka ni la Bibi.

Alipofariki mwanzoni mwa 2021, katika karantini ya korona, sheria iliruhusu watu 30 mazishini. Wewe ulisimama langoni kwenye makaburi ukiwa na orodha mkononi, na nilipofika ukaniambia idadi imetimia. Nilikukumbusha kwamba ndiye aliyenilea. Ukasema sheria ni sheria, Mjomba, na machozi yalikuwa yanakutoka, nami nikarudi kukaa ndani ya gari nikasoma Yasini peke yangu hadi mlipomaliza kufukia. Siku ile sikukulaumu na leo sikulaumu. Ulifanya lililokuwa sahihi, na lilikuuma kuliko lilivyoniuma mimi. Lakini mwaka uliofuata, polisi walipotoza faini 126 kwa mikusanyiko iliyovunja sheria za karantini Downing Street, kwenye ofisi ya waziri mkuu, na maeneo jirani ya serikali, ikiwemo sherehe ya kuzaliwa kwa Johnson, ulicheka mezani, ukiwa na mashemeji zako, ukasema ni kipande cha keki tu, watu wanakuza mambo. Nilikuwa nimeketi mkabala nawe. Hukunitazama. Kama ilikuwa keki tu, basi langoni pale ulikuwa unalinda nini?

Utasema Sunak naye alitozwa faini kwa sherehe ileile ya kuzaliwa kwa Johnson, Juni 2020, na hoja hiyo ina uzito. Alikaa miezi mitatu zaidi barazani kabla ya dhamiri kumwamsha, na sidai kwamba hakuwa na tamaa ya cheo. Howe naye hakuwa malaika. Mtu anayemwacha kiongozi wake si lazima awe msafi; inatosha kwamba alichokisema ni kweli.

Ushauri wangu, kama mpwa anaruhusiwa kumshauri mjomba, ni kwamba uache kupiga kura kwa kisasi. Wiki zile za kiangazi, wanachama tulipokuwa tukimchagua mrithi wa Johnson, nilikuambia Sunak anaonya kwamba kupunguza kodi kwa mikopo kutaleta balaa, nawe ukampa Liz Truss kura yako ili tu "kumfunza adabu yule." Wanachama 81,326 walimchagua Truss, 60,399 tukamchagua Sunak. Bajeti ya Truss ya tarehe 23 Septemba, ya kupunguza kodi kwa mikopo, ikaiangusha pauni hadi kiwango ambacho haikuwahi kufika mbele ya dola, na kufikia tarehe 20 Oktoba Truss alikwisha kutangaza kujiuzulu. Ulipoona riba ya mkopo wa nyumba ya mwanao imepanda, ulinipigia simu kulalamika, na sikukukumbusha lolote. Nadhani uvumilivu ule ulistahili kuhesabiwa.

Julai 2024 chama kilichopata viti 365 chini ya Johnson kilibaki na 121, nawe umekuwa ukisema hiyo ni laana ya usaliti. Mimi naona wapigakura walikuwa na kumbukumbu ya malango yao wenyewe, na kumbukumbu ya riba. Wewe hukupiga kura upande wetu siku ile. Ulikwisha kuhamia kwa Nigel Farage na chama chake cha Reform UK, kwa sababu, ulisema, chama kilichomfukuza Boris si chama chako tena. Mimi mwaka huu nimelipa ada ya uanachama kama kila mwaka, nimekwenda mikutano ya tawi ambako wewe ndiye uliyenipeleka mara ya kwanza, na kiti chako hakijapata mtu. Sasa uniambie, Mjomba, kati yetu wawili ni nani aliyekiacha chama kwa ajili ya mtu mmoja?

Mpwa wako.