Umeme Ukikatika, Kuna Vifungo

Goma, Majengo, Julai 2025

Mpenzi Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi ni wazima. Watoto wazima, Papa Aksanti mgongo bado unamsumbua lakini anatembea na analalamika, basi ujue yu hai. Ninakujibu kwa kalamu kwenye daftari, halafu nitapiga picha kurasa na kukutumia kwa WhatsApp. Ndege hakuna hapa tangu Januari, na barua ya karatasi sijui ingezunguka nchi ngapi kabla ya kufika Lubumbashi.

Umeniandikia kwamba shefu wako pale kwenye duka la dawa ameanza mtindo wa kuwakusanya kila asubuhi na kuwahubiria fikra chanya. Mtabasamu, msitamke neno "shida", mjione tayari mmefanikiwa. Nawe badala ya kupata nguvu unarudi nyumbani umechoka kuliko siku zile ulizokuwa ukiuza makala, yaani makaa ya kupikia. Kisha ukaniuliza mimi niliyebaki Goma ninafanyaje hata ninacheka kwenye simu.

Dada, kuna asubuhi ninaamka sina hamu hata ya kunawa uso. Hali ya hapa unaijua. Tangu vita ilipoingia mjini mwishoni mwa Januari, benki zimefunga, na pesa iliyomo sokoni ni ile ile inayozunguka mkono kwa mkono mpaka noti zimelainika kama kitambaa cha kufutia meza. Mteja anakulipa franka zilizochakaa, ukizipeleka kwa muuza uzi anazikataa. Dola yenye mpasuko hata wa ukucha ndiyo kabisa, hakuna anayeitaka. Kwa hiyo mtu akija kuniambia "Mama, wewe kuwa chanya tu," ninamvutia kiti na kumpa sindano anisaidie.

Lakini kuna jambo nimelipata kwa mteja mmoja, na tangu hapo halijanitoka kichwani. Ni binti anayesoma saikolojia chuo kikuu hapa, alikuja nimpunguzie gauni kiunoni. Nikiwa ninampima nikamsimulia habari za shefu wako (nisamehe, sikutaja jina). Akacheka, akaniambia kuna profesa Mjerumani anayefundisha New York, mwanamke, anaitwa Gabriele Oettingen, ambaye amelichunguza jambo hilo hilo kwa miaka mingi. Aliwafuatilia wanawake waliotaka kupunguza uzito, akawafuatilia na vijana waliomaliza chuo wakitafuta kazi. Waliokuwa wakiota ndoto tamu, wakijiona tayari wamepungua, tayari wako kazini, ndio ambao hawakufika mbali. Vijana hao walituma maombi machache kuliko wenzao, na hata mshahara waliokuja kuupata ulikuwa mdogo. Mwili ukishaonja ushindi kwa mawazo, unalegea. Kama umekwisha kufika, miguu itatembea kwenda wapi tena?

Nikamwambia basi tukae tununie dunia. Akasema hapana. Mtu anayeamini ataweza kwa sababu aliwahi kuweza, huyo imani yake inamsaidia kweli. Kinachodanganya ni ile picha tamu isiyo na kikwazo ndani yake. Dawa ya huyo profesa ni fupi. Unawaza unachokitaka, kisha hapo hapo, kabla utamu haujapoa, unataja kitakachokuzuia, hasa kile kilicho ndani yako mwenyewe. Halafu unapanga: likitokea hili, nitafanya hili. Hiyo sehemu ya mwisho kuna mtaalamu mwingine, Peter Gollwitzer, aliyeichunguza sana na kuona kwamba mtu aliyepanga hivyo hutenda zaidi kuliko aliyebaki na nia njema peke yake.

Binti aliondoka na gauni lake, mimi nikabaki na maneno. Niliyapenda kwa sababu hayaniombi nijifanye sioni.

Sasa njoo kwenye karakana yangu uone. Nina cherehani ya umeme na ile nyeusi ya kukanyaga ya marehemu mama mkwe. Umeme hapa unakatika unapotaka, na ukikatika mafundi wengi wa mtaa huu hutoka kukaa mlangoni, simu zinatolewa, mchana unakwisha. Kwangu kuna kikapu chini ya meza ya kukatia. Humo ninatupia kila kazi isiyohitaji umeme: mashati yanayongoja vifungo, sketi zinazongoja pindo, nguo za kufumuliwa. Taa ikizima hakuna anayeuliza. Wasichana wanavuta kikapu na kusogea penye mwanga wa mlango.

Kufumua hasa ndiko kunakotuliza. Unapitisha ncha ya wembe chini ya uzi mmoja, unakata, unaruka mishono mitatu au minne, unakata tena, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kisha unageuza upande wa pili, unashika uzi na kuuvuta wote kwa mkupuo, unatoka mzima na kitambaa hakina hata alama. Ukiwa na hasira unachana. Kuna msichana wangu mmoja aliyetoka Masisi, alikuja hapa kimya kabisa, hasemi na mtu. Sikumwambia awe na furaha. Nilimpa kikapu. Siku hizi umeme ukichelewa kukatika yeye ndiye anayeuliza, "Mama, leo hatufumui?"

Kikwazo cha ndani ninacho, na umeme hauhusiki. Ni simu. Nikiishika kabla ya kufungua mlango, ninakutana na uvumi wa magrupu yote: fulani wamefika wapi, mpaka utafungwa, bei ya unga itapanda, na sauti za watu wanaolia ambazo hujui zilirekodiwa mwaka gani. Nikifika kazini mikono tayari ni mizito. Basi nimepanga: mkono ukienda kwenye simu alfajiri, ninawasha makala kwanza. Pasi ikishapata moto, nguo ya kwanza ikishanyooka, hapo ninaweza kusoma habari na kuzipima. Wakati mwingine pasi inanifanya nisahau simu kabisa, na sijaona hasara yake.

Nimeanza kuona kwamba hata mji wetu unaishi hivyo. Unayakumbuka mabango ya volkano yenye rangi nne, kijani, njano, machungwa na nyekundu? Miaka nenda miaka rudi tumeishi chini ya njano, maana yake mlima uko macho nanyi muwe macho, na watu wanapita hapo na bidoni za maji kichwani wakienda zao sokoni. Hakuna aliyewahi kudai bango lipakwe kijani ili tujisikie vizuri. Nyiragongo ilimwaga moto mwaka 1977, ikaingia mpaka katikati ya mji mwaka 2002, na watu wakayageuza mawe yale yale kuwa kuta na uzio.

Na ile Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021 haikungoja bango. Ulikuwepo. Lava ilisimama kule Buhene, siku chache baadaye tukaambiwa sehemu kubwa ya mji ihame, nasi tukashika njia ya Sake, wewe na Neema mgongoni, mimi na kichwa cha cherehani nilichokifunga kwenye kitenge. Ulinicheka njia nzima kwa kubeba chuma kama mtoto. Tangu wakati ule bisibisi yangu inaning'inia kwa kamba kwenye mguu wa cherehani. Mlima ukisema tena, ninafungua skrubu, ninabeba kichwa, ninaacha meza. Nikishalipanga hilo ninalala. Kabla sijalipanga, kila tetemeko dogo lilikuwa likiniamsha nianze kuhesabu vitu vya kubeba.

Kwa kuwa sasa wewe ni mtu wa Lubumbashi, mjibu shefu wako kwa Mazembe, timu yenu ya mpira. Desemba 2010 kule Abu Dhabi walipowafunga Internacional ya Brazili mbili bila na kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya kombe la dunia la vilabu, dunia nzima ilimwona kipa wao Kidiaba akirukaruka kwa makalio uwanjani. Watu wanakumbuka ile ngoma. Mimi ninachokumbuka ni kwamba aliicheza baada ya bao kuingia, kisha akainuka akarudi golini kwake kuangalia mipira. Fainali Inter Milan waliwapiga tatu bila, na bado walipokelewa nyumbani kama watu. Shefu wako anawataka mcheze ngoma saa mbili asubuhi, mlango haujafunguliwa.

Kuna mahali lakini ambapo hata mipango hii haina kazi, nikuambie mapema usije ukaipeleka matangani. Jirani yetu mmoja amefiwa na mwanawe mwaka huu. Watu walikuja wakamwambia ashukuru Mungu, ajikaze, aangalie upande mzuri. Upande mzuri upi? Nilikasirika, ila nilinyamaza kwa heshima ya mwenye kilio. Mtu akilia, mletee maji na makala, kaa naye, pika sombe watoto wake wale. Maneno yatakuja yenyewe kama yanahitajika.

Kazini kwako mimi ningefanya hivi, na wewe utapunguza au kuongeza maana mimi dawa sizijui. Tabasamu la shefu mpe, halina gharama kubwa, usigombane naye kwa hilo. Ila kabla ya kwenda zamu, taja moyoni kile kinachokumaliza. Uliniandikia mwenyewe: mgonjwa anakuja na karatasi ya daktari, anauliza bei, anafungua ngumi unaona pesa haitoshi, na wewe unabaki huna la kusema mpaka anaondoka. Basi usingoje afungue ngumi ndipo uanze kufikiri. Jipangie hivi: akija asiye na pesa ya kutosha, nitamwangalia usoni na kumwita mama au papa, nitatafuta kama ipo dawa ile ile ya jina lisilo ghali, na kama haipo nitampigia daktari wake au kumwelekeza kituo cha afya cha karibu. Muulize mfamasia wenu mapema kipi kinaruhusiwa. Siku nyingine itashindikana hata hivyo, naye ataondoka mikono mitupu. Utaumia, na ni haki uumie. Lakini hutakuwa umesimama pale bubu.

Na kingine cha ndani ulikigusa kidogo ukakikimbia: kwamba unaona aibu kufurahi huko wakati sisi tuko huku. Acha hiyo. Ukila kapenta wako, dagaa wa huko, ukashiba, mimi sipungukiwi sambaza, dagaa wa ziwa letu, hata mmoja. Nitumie picha za Neema akicheka, hizo ndizo ninazowaonyesha wasichana umeme ukiwa haupo.

 Na ninataka vipimo vya Neema. Septemba anaingia darasa la kwanza, na sketi ya bluu ya kwanza nitaishona mimi, usithubutu kununua. Kuna mama wa kanisani kwetu anasafiri mwishoni mwa Agosti kupitia Kigali, ataibeba. Niandikie kiuno na urefu kutoka kiunoni hadi chini ya goti, na umpime bila sweta, najua Julai ya huko ilivyo na baridi. Pindo nitaliacha refu ili ulishushe mwakani.

Msalimie Papa Neema na majirani wote.

Ni mimi dada yako,
Mama Aksanti