Yule mpiga ngoma uliyemkosoa

Mwanangu mpendwa,

Uliponirudishia santuri yangu yenye picha ya ndizi ulisema, "Mama, huyu mpiga ngoma ananyamaza katikati ya wimbo. Hajui kazi." Masikio yako mazima. Kweli alinyamaza.

Anaitwa Maureen Tucker, wa The Velvet Underground, bendi ya roki ya New York. Mwaka 1966, wakirekodi albamu yao ya kwanza, ndiyo hiyo santuri, mwenzake John Cale alikuwa ameifunga viola yake, ala inayofanana na fidla, nyuzi za gita na mandolini. Zile kelele zilipopanda, Maureen akawa hasikii tena wenzake wako wapi. Akaacha kupiga, akidhani nao wataacha. Wapi! Wakaendelea, naye akaudaka wimbo mbele ya safari, na hivyo hivyo ukaingia kwenye santuri. Mimi sehemu hiyo ndiyo inayonisisimua kuliko zote.

Ila hukuniuliza anapigaje. Alipiga amesimama. Ngoma kubwa, ile ambayo wengine huipiga kwa mguu, yeye aliilaza akaitwanga kwa virungu vya mkononi. Matoazi aliyagusa kwa nadra. Na miongoni mwa waliomvutia ni Babatunde Olatunji, mpiga ngoma wa Nigeria. Sasa sikiliza upya ukiwa na jina hilo kichwani.

Albamu hiyo ilitoka Machi 1967, na wakati ule kwenye chati za Marekani haikupita nafasi ya 171. Watu hupenda kurudia maneno ya mwanamuziki Mwingereza Brian Eno, kwamba wanunuzi walikuwa wachache lakini kila mmoja alianzisha bendi. Ni utani mzuri. Mimi niliinunua na bendi sina. Lakini mwimbaji David Bowie aliisikia hata kabla haijatoka, akaanza kuimba jukwaani wimbo mmoja wa albamu hiyo. Karibu miaka 20 baadaye, Bobby Gillespie wa bendi ya The Jesus and Mary Chain kule Scotland alisimama mbele ya ngoma mbili tu, akapiga vilevile. Mpiga ngoma asiyejua kazi haigwi namna hiyo, mwanangu.

Nimekuwekea santuri juu ya kabati. Anza na upande wa pili, wimbo wa kwanza, na kelele zikipanda usiisogeze sindano, msubiri arudi.

Na ile stika ya ndizi kwenye jalada usiibandue. Najua kidole kinawasha, hata changu kimewasha miaka yote hii.

Mama yako